Niliwaambia nyumbani nimeteleza bafuni: mwaka wangu nje ya barafu baada ya kugonga kichwa

Wakuu salaam. Poleni na kufungiwa ndani na hii korona, popote mlipo.

Nipo zangu Pearland, kusini mwa Houston, mvua inanyesha tangu asubuhi na sina pa kwenda. Nikasema leo acha niliteme hili jambo, maana nimelibeba muda mrefu.

Hii siyo chai, siyo hadithi ya kutunga. Sehemu ambazo mimi ndiye niliyefanya ujinga nimeziacha vilevile, sijajipamba.

Kwanza niwape nafasi mcheke, tumalizane.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Makete, na ninacheza figure skating.

Ndiyo, ile ya kwenye barafu. Ile ya kuzunguka kama pia huku umevaa suruali ya kubana.

Mmemaliza? Haya tuendelee.

Kwa wasioijua: unavaa buti zenye chuma chembamba chini, unaingia kwenye uwanja wa barafu wanaouita rink, halafu unateleza, unaruka na unazunguka kwa kufuata muziki. Nje Texas jua linachoma mpaka lami inanata, ndani ya mall kuna barafu safi kabisa. Nchi za watu hizi.

Nilianzia Fort Worth mwaka 2017. Nilikuwa nasomea mambo ya X-ray huku napiga kibarua kwenye warehouse, ghala la mizigo. Siku moja wanachuo wenzangu wakanipeleka rink kwa ajili ya kucheka tu. Wote tulikuwa tumeng'ang'ania ukuta kama mijusi.

Katikati pale nikamuona mama wa Kizungu, umri sawa na mama yangu mzazi, anazunguka kwa mguu mmoja, ametulia kabisa. Nikajisemea, hiki kitu lazima nikijue.

Halafu sisi watu wa Makete baridi tumezaliwa nayo. Hilo halikunitisha.

Mwaka uliofuata nikapata kazi ya X-ray kwenye hospitali moja ya Houston, nikahamia Pearland kwa kaka Elia. Elia ni mtoto wa baba mkubwa, yeye ndiye aliyenipokea Marekani. Ni mzee wa kanisa kwenye ushirika wetu wa Kiswahili. Mke wake, shemeji Neema, anafanya kazi ofisi ya bima.

Hawa watu wawili sikuwaambia kwamba na-skate.

Nilikuwa natoka Jumamosi alfajiri nasema naenda gym. Buti nilizificha nyuma ya gari chini ya blanketi, utadhani nimebeba gongo.

Kwa nini? Wakuu, mnatujua. Mwanaume mzima anacheza dansi kwenye barafu, kabla ya Jumapili ningeshapewa jina. Niliogopa kuchekwa, hakuna sababu nyingine.

Kocha wangu anaitwa Darlene, mama wa Kitexas wa miaka sitini na kitu, mkali kama pilipili kichaa. Alikuwa ameniandikisha mashindano ya watu wazima wanaoanza, upande wa Dallas, Aprili 2019. Mashindano yangu ya kwanza maishani. Nilikuwa nayataka kuliko nilivyotaka cheti cha chuo.

Sasa sikilizeni.

Jumamosi moja ya Novemba 2018 nilikuwa nafanya mazoezi ya back spin, yaani kuzunguka kwa mguu mmoja kinyumenyume. Chuma kikakamata vibaya. Miguu ikaenda mbele, mimi nikaenda nyuma, kisogo kikapiga barafu.

Ilitoka sauti kama nazi imedondoka sakafuni.

Nikainuka haraka, nikatabasamu, nikasema niko sawa. Darlene akanitazama machoni, akasema leo umemaliza. Nikabisha. Akapiga magoti, akaanza kunifungua kamba za buti yeye mwenyewe huku mimi bado nabisha.

Kwenye parking nikatapika. Akanipeleka emergency.

Wakanipiga picha ya CT ya kichwa. Safi, haina damu wala ufa.

Na hapa ndipo ujuzi ulipomponza mjuzi. Mimi kazi yangu ni picha. Kichwani mwangu, picha ikiwa safi mtu ni mzima, aende zake. Daktari akanieleza taratibu kwamba huu ni mtikisiko wa ubongo, hauonekani kwenye picha, unaonekana kwenye namna ubongo unavyofanya kazi. Nilimsikia. Kumsikiliza ndiyo sikumsikiliza.

Maelekezo yalikuwa hivi: siku mbili za kupumzika kwelikweli, kisha kutembea polepole, kisha kuongeza shughuli ngazi kwa ngazi. Dalili zikirudi, unashuka ngazi. Makelele, mwanga mkali na simu, kidogo sana. Barafu marufuku mpaka kliniki ya vichwa itoe ruhusa.

Nafika nyumbani, Elia ananifungulia mlango, anaona kile kibangili cha hospitali mkononi.

"Mdogo wangu, umefanya nini tena?"

"Nimeteleza."

"Wapi?"

Wakuu, ulimi hauna mfupa.

"Bafuni. Asubuhi, mlikuwa mmelala. Sikutaka kuwasumbua, nikaendesha mwenyewe hospitali."

Elia akashika kichwa. "Bafuni kwangu?"

"Ndiyo, kaka."

Uongo huo mdogo ndio uliokuja kunitesa kuliko lile pigo.

Ilipofika jioni habari ilikuwa kwenye group la WhatsApp. Kesho yake baada ya ibada wakaja kunijulia hali. Siyo wawili watatu. Sebule ilijaa, jikoni kukajaa, watu wakakaa mpaka kwenye ngazi. Mahotpot ya pilau, maandazi, chai ya tangawizi. Watoto wanakimbizana wanapiga kelele kwa Kiingereza. Mpira upo kwenye TV. Halafu mama mmoja akasema tumuimbie mgonjwa.

Wakaimba, na sauti zote nne. Mimi niko katikati kwenye kochi nimevaa miwani ya jua, kichwa kinataka kupasuka, nasema asanteni, Mungu awabariki.

Sikuweza kuwaambia niacheni. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, akiachwa peke yake maana yake hana watu. Wale watu walikuja kwa upendo, wengine wametoka Katy huko, mwendo wa saa nzima. Ungewafukuzaje?

Na zawadi sasa. Mikeka ya bafuni ya mpira, ile ya kuzuia kuteleza. Niliipata minne. Wa kwanza alileta wa bluu, wa pili wa bluu, wa tatu wa kijani, wa nne ulikuwa na picha za bata. Mzee mmoja aliingia na viatu mpaka bafuni, akapapasa beseni la kuogea kwa kiganja, akatoka anatikisa kichwa anamwambia Elia, "Hii nyumba yako, mzee mwenzangu, iangalie."

Elia akaingia bafuni, akapapasa yeye mwenyewe. Nilimuona, na bado sikumwambia ukweli.

Wiki zikaenda. Kila wiki nakwenda kliniki. Kule kuna mama mtaalamu anakupa karatasi ndefu ya dalili: kichwa, kichefuchefu, mwanga, usingizi, kusahau. Unajaza namba, sifuri maana yake hakuna, sita maana yake hali mbaya.

Mimi najaza sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini.

"Unajisikiaje leo?"

"Nzuri kabisa, asante."

Nusu ya ule uongo ilikuwa kwa ajili ya Dallas, nisikose mashindano. Nusu nyingine, wakuu, ni malezi. Tumelelewa hivyo. Hata msibani ukimuuliza mtu habari atakujibu nzuri, tumefiwa tu. Kuanza na shida kabla ya nzuri ni kukosa adabu. Mimi nilikuwa na adabu mbele ya mtu aliyekuwa anapima ubongo wangu.

Januari wakaniruhusu kuingia kwenye barafu. Kuteleza taratibu tu, dakika kumi na tano, bila kuzunguka wala kuruka.

Siku ya kwanza nikatii, na ya pili pia. Siku ya tatu Darlene alikuwa na mwanafunzi mwingine upande wa pili wa rink, nikajiibia spin moja.

Sikuanguka. Ila niliposimama, dunia haikusimama. Taa zote za juu zilikuwa zinazunguka na mimi nimeshika ukuta kwa mikono miwili, natokwa jasho kwenye barafu. Darlene akaniona. Akanyoosha kidole mlangoni.

Hata hapo sikukoma! Nikasema ni njaa, sikunywa chai.

Kilichonikomesha ni kazi.

Sisi watu wa X-ray tuna vibati vidogo vya herufi, L na R, kila mtu na vyake. Unaweka pembeni ya kiungo ili kwenye picha ionekane ni mkono wa kushoto au wa kulia. Ni kitu cha kwanza kabisa kufundishwa. Alikuja mzee mmoja kaumia kifundo cha mkono wa kushoto. Nikampanga vizuri, nikampigisha stori, nikapiga picha.

Nimeweka R.

Mwenzangu aliyekuwa kwenye kompyuta akaniita, "Hebu njoo uone hiki." Nikaja. Nikaitazama ile picha, na wakuu, sikuona kosa. Akanionyesha kwa kidole na bado ilinichukua muda kuelewa anachosema.

Picha ikarekebishwa, mzee hakudhurika. Ila mimi nilikwenda chooni nikakaa chini. Niliogopa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kumbe nilikuwa nacheza kamari na kichwa ambacho ndicho kinachonilisha, na mwishowe aje kuumia mtu mwingine.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa bosi, nikasema nina shida. Akanipumzisha kazi.

Naona kuna mkuu hapo chini ameshauliza, "Si ungepumzika hapo nyumbani Pearland?" Mkuu, na wale wageni? Wakisikia nimeachishwa kazi kwa muda si ndiyo wangekuja na magodoro kabisa?

Nikampigia Ombeni.

Ombeni ni Mkongo wa Kivu, alikuja kama mkimbizi na mkewe Mama Esther. Tulibeba naye maboksi kwenye ile warehouse ya Fort Worth nilipokuwa chuo. Wanaishi Haltom City, palepale karibu. Nikamwambia, ndugu yangu naumwa kichwa, natafuta mahali pa kulala. Akasema, "Kuya," yaani njoo. Basi.

Nyumba ya Ombeni ndiyo iliyoniponya, na nitawaambia kwa nini.

Yeye na mkewe wote wanafanya shift ya usiku. Wanarudi saa moja asubuhi, wanalala mpaka saa tisa alasiri. Madirishani wametundika mablanketi mazito, ndani mchana ni giza kama pango. Simu zote kimya. Friji tu ndiyo inaongea. Na mlangoni wamebandika kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nene: TUNALALA. KUYA SAA KUMI.

Na watu wanatii! Wakongo wa kanisani kwao, majirani, hata mchungaji. Karibu kila mtu pale mtaani ameshawahi kufanya kazi za usiku, anajua kumwamsha mtu wa shift ni dhambi. Mgonjwa ndiyo utamgongea mlango umpe pole. Mtu wa shift hagongewi.

Nikakaa kwenye lile giza siku ya kwanza nikalala kama mtoto. Sikuwa nimelala hivyo tangu Novemba.

Saa kumi tukakaa mezani. Mama Esther kapika sombe, yaani kisamvu, na ugali. Ombeni ananiangalia.

"Unasikia aje mu kichwa?"

"Nzuri tu, kaka."

Akaweka tonge chini.

"Miye sikukusalimia. Nimeuliza kichwa."

Mama Esther akaacha kula.

Nikasema, "Kinauma. Toka Novemba hakijaacha kuuma hata siku moja. Nasahau vitu. Mwanga unanichoma. Naogopa sitarudi kuwa kama nilivyokuwa."

Halafu nikalia, wakuu. Mbele ya ugali. Sioni aibu kuandika.

Nikawamwagia yote, barafu, buti chini ya blanketi, bafu, mikeka minne. Nilipofika kwenye mkeka wa bata Ombeni alicheka mpaka akatoka nje. Akarudi anafuta macho, amekuwa serious.

"Na kaka yako anajua?"

"Hajui."

"Basi ule uongo njo unakukatalia kupona. Muite."

Nikampigia Elia palepale. Nikamwambia, kaka, sikuanguka bafuni. Nikamwambia nilianguka wapi, nikifanya nini, tangu lini.

Nikadhani simu imekata.

"Kwa hiyo," akasema, "bafu langu halina kosa?"

"Halina, kaka."

"Nimeng'oa vigae vyote. Tangu umeenda huko, nikitoka kazini napiga magoti bafuni naweka vigae vingine. Nilimpigia mpaka baba mdogo, nikamwambia nisamehe, mtoto wako ameumia kwa uzembe wangu."

Baba mdogo anayemsema ni baba yangu mzazi.

Nikasema samahani. Akakata simu.

Siku mbili hakupokea simu yangu. Lile pigo la barafu sikulihisi kama nilivyozihisi zile siku mbili. Nilikuwa nalala gizani pale naiona picha yake amepiga magoti na gundi ya vigae mikononi, mtu mzima wa miaka hamsini.

Siku ya tatu akapiga yeye.

"Hayo mashindano yako ya barafu ni lini?"

"Aprili. Ila siendi, kaka. Sijapona."

"Kuna mengine baadaye?"

"Yapo."

"Basi ponea hayo. Na mimi nitakuja kuona hicho kitu ulichoona bora kunidanganya kuliko kukiacha."

Alisema kwa hasira, na nilistahili.

Kesho yake nikaipigia kliniki. Nikamwambia yule mama mtaalamu, zile sifuri zote zilikuwa uongo. Sikutukanwa. Akasema asante kwa kuniambia, tunaanza ngazi ya kwanza, wewe endelea kujaza huko huko na utanisomea kwa simu. Karatasi ya siku hiyo ilijaa nne na tano tupu.

Kutoka hapo, wakuu, nikaamua. Barafu nitairudia, ila nitaingilia mlango wa mbele.

Kupona mtikisiko wa ubongo ni kazi ya kuchosha kuliko mazoezi yenyewe, maana hufanyi kitu na hicho ndicho unachotakiwa kufanya. Nilikuwa natembea kuzunguka block kabla jua halijawa kali. Mara ya kwanza niliishia kwenye duka la matairi, nikageuka. Wiki iliyofuata nikapita duka la matairi. Kichwa kikianza, narudi, siongezi hata hatua. Mchana nakunja nguo za nyumba nzima, maana kukunja nguo hakuhitaji akili wala mwanga. Ombeni akawa mtu wa kwanza Haltom City kuwa na soksi zilizopangwa kwa rangi.

Programu yangu ya mashindano niliifanyia jikoni kwa soksi, polepole, bila muziki, naigiza mikono tu na kuhesabu moyoni. Mama Esther alinikuta siku moja katikati ya pozi. Akasimama, akatazama, akasema, "Njo ile unafanyaka?" yaani ndicho hicho unachofanyaga. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni muzuri," akachukua maji yake akarudi kulala. Huyo ndiye aliyekuwa mtazamaji wangu wa kwanza.

Aprili ikafika. Rink ya mashindano ilikuwa karibu, ningeweza kwenda hata kutazama. Sikwenda. Niliona wivu mpaka nikajichukia. Mchana ule nilisugua sufuria zote za Mama Esther mpaka zikang'aa, halafu nikakaa kwenye ngazi za mlangoni nikiwa na uchungu wa kweli. Ila nilijaza karatasi yangu. Pale kwenye huzuni nikaandika tano.

Mei nikarudi Pearland.

Shemeji Neema alikuwa ameshajipanga. Mlangoni kabandika karatasi: ANALALA KAMA MTU WA SHIFT YA USIKU. KARIBUNI SAA KUMI. Nikamwambia shemeji watakasirika. Akasema subiri uone.

Wamama wa kanisani walikuja, wakasoma, wakaweka hotpot chini, wakaondoka kwa kunyata kama wezi. Nilikuwa nawachungulia dirishani. Kumbe watu wetu hawakatai kuambiwa. Wanachokataa ni kufichwa.

Elia naye alikuwa ameniandalia adhabu. Jumapili moja wakati wa matangazo akanisimamisha mbele ya ushirika mzima. "Mdogo wangu ana neno." Nikasema yote. Figure skating, spin, suruali, kila kitu.

Kile kicheko nilichokiogopa tangu 2017 kilidumu labda dakika tatu. Watu waligaragara, sikatai. Jina nikapewa siku hiyohiyo, naitwa Mzee wa Barafu mpaka leo. Halafu mama mmoja kanyoosha mkono kule nyuma, anauliza, "Na mikeka yetu je?"

Ndivyo ilivyoisha. Kitu nilichokificha karibu miaka miwili kikaishia kwenye mikeka.

Agosti nikapanda ngazi ya kurudi kwenye barafu. Hapa niwaambie ukweli, kishawishi hakijawahi kuisha. Spin ya kwanza halali, kwa ruhusa, nikasikia kizunguzungu kidogo sana. Kidogo cha kuweza kunyamazia. Darlene kaniuliza vipi. Mdomo ulishafunguka kusema nzuri.

Nikasema, "Mbili. Kizunguzungu ni mbili."

Ikanigharimu wiki tatu nje tena. Nilikasirika, nikapiga usukani wa gari. Ila nilikuwa nimesema mwenyewe, hakuna aliyenikamata, na ile hasira ilikuwa safi.

Oktoba wakaniruhusu kila kitu. Nikarudi kazini kamili pia, na mpaka leo kabla ya kupiga picha natamka kwa sauti, "Kushoto," na mgonjwa anaitikia. Wengine wanadhani ni taratibu za hospitali.

Februari mwaka huu, 2020, nikaingia mashindano, kulekule upande wa Dallas. Nimevaa kitambaa chenye sponji nene kuzunguka kichwa, nafanana na mtu aliyefungwa bandeji, sijali. Elia na shemeji waliendesha saa nne kutoka Houston. Ombeni na Mama Esther walikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado wana fulana za njano za warehouse.

Tulikuwa washindani wanne. Nilishika nafasi ya nne.

Mnaruhusiwa kucheka tena.

Ila sikilizeni kilichotokea. Katikati ya programu kuna ile back spin iliyonibwaga. Darlene aliniambia naweza kuiondoa, hakuna atakayenilaumu. Nikakataa. Nikaingia, mguu ukashika, nikazunguka mara tatu, nikatoka nimesimama.

Na kwenye rink ile ya watu wastaarabu, wanaopiga makofi kwa ncha za vidole, shemeji Neema akapiga vigelegele.

Rink ni kama pipa, wakuu. Sauti ilipiga dari ikarudi ikapiga barafu. Watu wote wakageuka. Na mimi mwili mzima ukakaza, nikasubiri maumivu, maana miezi yote ile hata kijiko kikidondoka kilikuwa kinanipasua.

Hayakuja.

Vigelegele vikaendelea, Mama Esther akadaka, na kichwa changu kimetulia tuli. Nikamaliza programu natiririkwa machozi. Majaji nadhani walifikiri ni sanaa.

Elia alinisubiri kwenye ukuta. Mtu wa maneno machache yule. Akanishika kisogo kwa kiganja, palepale nilipoangukia, akakaa hivyo kwa muda. Akasema, "Unajua, ni kitu kizuri." Ombeni naye akasema safi sana, nimeona yote. Mama Esther akaniambia baadaye kwamba mumewe alilala tangu mtu wa kwanza anaingia.

Sasa somo, kwa anayelihitaji.

Ukigonga kichwa, picha safi siyo ruhusa. Anayekupima akikuuliza unajisikiaje, hiyo siyo salamu, mpe hali yako ilivyo hata kama inakutia aibu. Na kama kuna kitu unakipenda mpaka unakificha, jua siku kikikuumiza utaumia peke yako, na walio karibu watabeba lawama zisizo zao. Mimi nilimpigisha kaka yangu magoti kwenye gundi ya vigae kwa sababu ya kuogopa kicheko cha dakika tatu. Hiyo bado inaniuma kuliko kisogo.

Wenye uzoefu wa mtikisiko wa ubongo, wa mpira, bodaboda, ngazi, chochote, karibuni mtiririke hapa chini. Mlifanya nini siku zile ndefu? Nataka kujua kweli. Na wa kunicheka nao wakae mkao wa kula, nimeshazoea.

Mwezi uliopita korona ilifunga rink zote. Darlene anasema hajui zitafunguliwa lini. Buti zangu ziko sebuleni, karibu na viatu vya Elia, na yeye ndiye anayezipangusa vumbi. Nasubiri tena, wakuu, na safari hii nyumba nzima inasubiri na mimi.